Niliambiwa niikate keki yenye Bismillahi, na aliyeniagiza kuiandika akanikana mbele ya watu

Kisu kimefungwa utepe mwekundu. Nimekishika mie, na shehia nzima inautazama mkono wangu.

Mbele yangu iko keki. Kubwa, umbo la msahafu uliofunguliwa, kurasa mbili nyeupe, kingo za rangi ya dhahabu. Ukurasa wa kulia Bismillahi kamili. Ukurasa wa kushoto Iqraa bismi rabbika. Irabu zote zipo, hata nukta moja haijapotea.

Mgeni rasmi kakataa kukata. Kaja na tabasamu lake, kainama, kasoma, tabasamu likakauka. Akanipa kisu mie. "Bi, kata wewe uliyeitengeneza."

Nikate wapi? Jina la Mola wangu nilipitishie kisu?

Na hapo hapo namsikia Shaame, katibu wa kamati ya chuo, kwenye kipaza sauti: "Jamani, ieleweke, kamati haihusiki na maandishi haya. Huyu mama kayaandika kwa akili yake."

Shaame! Aliyeniagiza yeye!

Wakuu, hodi humu ndani. Mie si mwandishi, niliishia darasa la nne, mkiona maneno yamekaa upande yanyoosheni wenyewe. Lakini ninayoyasema yamenitokea mie, Raya, na nikiongeza chumvi basi nikaulizwe huko tunakokwenda wote.

Ngoja nirudi nyuma, maana nimeanzia kwenye kidonda.

Mie ni mtu mzima, nakaribia hamsini. Naishi kusini ya Pemba, si mbali na Chokocho. Miaka sita nyuma nilipata saratani ya titi. Naitaja kwa jina lake kwa sababu huku watu hunong'ona, husema "maradhi yale", kama ukiitaja itakuja kukusalimu.

Nikapelekwa Dar, nikakatwa titi la kushoto, nikatiwa dawa mpaka nywele zikaisha. Nikarudi hai, alhamdulillahi.

Hai, lakini peke yangu. Khamis, aliyekuwa mume wangu, aliniacha bandeji haijatoka. Nakutaja Khamis, na ukisoma humu ujue ni wewe.

Lakini wakuu, la Khamis halikuniuma kama la shughuli.

Wasiokujua kwetu niwaeleze. Ikiwa kuna harusi au maulidi, wanawake hukusanyika kupika. Mmoja anachambua mchele, mwengine anakuna nazi, mwengine kazi yake kusema watu tu, naye anahesabiwa yupo. Ukiona huitwi kupika, jua umeshazikwa, umebakishiwa kutembea.

Mie nikawa siitwi.

Siku moja nikajipeleka mwenyewe kwenye harusi ya jirani. Nikaona wanapamba keki, nikaomba nibinye ule mfuko wa icing. Alikuwepo Mize, fundi wa keki wa Tibirinzi, kaletwa kwa bajaji na sanduku lake la vifaa kama daktari. Akanitazama huu mkono wa kushoto, ambao baada ya upasuaji huvimba, akasema mbele ya wote:

"Dada, kapumzike. Mkono wa mgonjwa haushiki chakula cha watu."

Wakacheka. Si wote. Lakini aliyenyamaza na aliyecheka mie niliwaona sawa.

Nikaenda zangu nyumbani. Nikalia, nikamaliza. Kisha nikasema, Mize, Wallahi utakuja kunikuta mbele.

Sasa hapa ndipo patamu!

Hospitali nesi alinipa kimpira, akaniambia kila siku nikibinye, mkono usije ukakakamaa. Kimpira kikapotea. Nikachukua mfuko wa plastiki, nikatia unga uliokorogwa na maji, nikakata ncha kidogo, nikawa nabinya juu ya sinia. Zoezi tu.

Siku ya kwanza minyoo. Siku ya pili minyoo. Wiki ya tatu likatoka ua.

Nililitazama ua lile, wakuu, nikacheka peke yangu jikoni kama mwenda wazimu. Ua! Kutoka mkono ulioambiwa haushiki chakula!

Nikaanza kuoka. Sikuwa na oveni. Nilichoma keki kwa sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko, moto juu na moto chini kama tunavyochoma mkate wa mchele. Ya kwanza iliungua. Ya pili ilikuwa mbichi katikati, ikaliwa na kuku. Ya tatu ilifura, ikapasuka juu ikicheka, ikanukia hiliki mpaka jirani akachungulia uani.

"Raya, una mgeni?"

"Sina mgeni, nina keki."

Mtu wa kwanza kula keki yangu hadharani ni Maalim Bi Time, mwalimu wa chuo chetu. Nasema chuo, yaani madrasa, nyie wa bara msidhani chuo kikuu. Bi Time ni mwanamke mfupi, sauti kubwa, haogopi mtu. Nilimpelekea kipande nikaogopa kumpa, nikakiweka mezani. Akakila chote, akalamba kidole, akasema, "Wiki ijayo maulidi ya chuo. Lete nne. Na usilete kavu kama za Mize, tunazishushia kwa maji kama dawa."

Basi, mambo yakafunguka. Nikawa naitwa! Harusi, akika, watoto kufaulu skuli, mwenye safari ya Hijja karudi. Pakichangishwa kwa jambo la kheri, mfano mayatima au nyumba ya mtu iliyoungua, mie hela sina, natoa keki, inanadiwa. Nilipamba keki ya karafuu kwa ajili ya mzee aliyeanguka mkarafuuni, matawi ya icing na vikonyo vyake vyekundu, mpaka wachumaji wakasema hii tuianike!

Nawaambia raha ya kufungua boksi la keki mbele ya watu haina mfano. Ile sekunde kabla hawajasema neno. Nilikuwa kaburini, keki ikanitoa.

Kwa hivyo mnaelewa, mtu akinichafulia keki yangu hanichafulii biashara. Ananirudisha kule kwenye kutokuitwa.

Sasa tuje kwa Shaame.

Mwaka huu chuo chetu kilikuwa na mahafali, watoto kumi na wawili wamehitimu msahafu. Na paa la chuo lilikuwa limeoza, mvua ikinyesha watoto wanasoma huku wanahama. Kamati ikaamua keki inadiwe siku ya mahafali, zipatikane bati.

Lakini Shaame alikuwa na lake moyoni. Chuo kimoja cha jirani walifanya mahafali yao na keki ya umbo la msikiti, minara minne. Picha ikazunguka kwenye simu za watu. Shaame hakulala.

Akaniletea ujumbe wa sauti WhatsApp. Nimeusikiliza mara nyingi mpaka nikauhifadhi kichwani: "Bi Raya, wao wamefanya msikiti, sisi tufanye msahafu wenyewe. Uliofunguliwa. Na usiache kurasa tupu, tia Bismillahi na Iqraa, kwa mkono wako ule mzuri, watu wakija wasome."

Mie nilimpigia simu. Hili nalisema na lisikike: nilimpigia. Nikamwambia, "Shaame, keki hukatwa. Sasa kisu je?"

Akacheka. "Wewe andika, kukata tuachie sisi."

Kosa langu ni hapo. Nilijua. Moyo uliniambia Raya, hili jambo lina mkia. Lakini furaha, wakuu! Nilishawishika na uzuri. Darasa la skuli sina, lakini chuoni hati yangu ilikuwa ikisifiwa, na tangu utoto sikupata pa kuitumia. Huyu ananiambia niandike Iqraa kwa sukari! Ningekataa vipi?

Nikafanya kazi siku tatu. Mayai arubaini. Nilichukua udhu kabla ya kugusa herufi moja. Maandishi sikuyaandika juu ya keki moja kwa moja, maana joto la huku icing huteleza. Niliyabinya juu ya karatasi ya mafuta, kwa icing ngumu ya ute wa yai, nikaiwekea zafarani ipate rangi, nikaziacha herufi zikauke kivulini. Kila herufi peke yake. Zile fatha na kasra ndogo kama punje za mchele, nilizibandua kwa ncha ya kibanio cha nywele, pumzi nimeizuia.

Lile baa la Bismillahi, herufi ya kwanza, lilinivunjikia mara mbili. La tatu likakaa. Nilipolibandika nikasogea nyuma, nikaona ni kweli. Msahafu. Machozi yakanitoka nikakimbilia nje yasije yakadondokea kurasa.

Tukaipeleka kwa gari ya ng'ombe, polepole, maana boda ingeitingisha. Njia nzima watu wanatoka majumbani: "Funua kidogo, Bi Raya! Funua tuone!" Sikufunua. Nilikaa nimeikumbatia meza iliyobeba keki, imefunikwa shuka, kama bibi harusi ndiye aliyemo ndani.

Ukumbini nikaifunua. Ukelele! Vigelegele! Simu zote juu! Watu wakaja wakasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Mama mmoja akanibusu mkono. Huu huu wa kushoto.

Halafu wakamwita mgeni rasmi akate. Yaliyofuata nimeshayasema juu.

Nirudi basi nilipowaacha. Nimesimama na kisu. Shaame keshanikana. Nyuma mzee anasema "Astaghfirullah, astaghfirullah," kama anafukuza nzi. Mtu mwengine: "Na hata kuitupa haitupiki!" Kweli. Haikatiki, haitupiki, na joto lile mpaka Alasiri ingeanza kumomonyoka yenyewe mbele yetu.

Kwa pembeni nikamwona Mize. Alialikwa na mke wa Shaame. Simu yake iko juu, ananirikodi, hata hajifichi.

Sauti moja ya mwanamke ikatoka kwenye mikeka: "Sasa kwani tukila hatutahifadhi? Mie mwenzenu Yasini imenishinda tangu utoto!"

Watu wakacheka kidogo. Kicheko kile kiliniokoa.

Na nikakumbuka kombe.

Wengi humu mnalijua. Aya inaandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, inafutwa kwa maji na marashi, mgonjwa anakunywa. Nilipokuwa naumwa mama yangu alininywesha. Najua kuna wasiolikubali, wana hoja zao, huo mjadala fungueni uzi wenu. Na kwa wagonjwa wenzangu: nililinywa na hospitali nikaenda. Uvimbe ni hospitali kwanza, msinitafsiri vibaya.

Nikakiweka kisu chini. Nikasema, bila kipaza sauti, maana Shaame kakikumbatia:

"Maalim Bi Time. Haya maandishi ni sukari na zafarani. Yanabanduka. Na yakitiwa maji yanayeyuka."

Bi Time alinitazama. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Kombe!" akasema. "Enhe! Wanaume wazima mnaiogopa keki, na kwenu sahani za kombe zimejaa kabatini! Nani ana udhu? Leteni bakuli. La kaure, si la plastiki! Marashi nayo!"

Mmoja wa kamati akajaribu: "Lakini Maalim, hata umbo lenyewe ni la kitabu..."

"Hata daftari la mkopo la duka lako ni umbo la kitabu, na hulali nalo kifuani? Kaa chini."

Wakuu, ukumbi ulilipuka!

Nikachukua udhu upya. Nikaanza kubandua. Herufi moja, moja, kwa vidole vyangu, natia kwenye bakuli lenye maji na marashi. Mkono umevimba kwa kazi ya siku tatu, na hakuna aliyesema mkono wa mgonjwa. Wale watoto kumi na wawili wakaanza kusoma wenyewe, hakuna aliyewaambia. Ninapobandua Iqraa wao wanasoma Iqraa. Nywele zilinisimama. Zinanisimama hata sasa ninapoandika.

Zilipokwisha, maji yote yakawa manjano, yananukia waridi. Na keki ikabaki kurasa mbili nyeupe, safi.

Bi Time akanipa kisu. "Sasa kata, mwanangu."

Nikakata.

Mnada ule sijapata kuuona. Kila mtu anataka kipande cha ile keki. Wahitimu wakanywa kombe kwanza, funda moja moja, kisha wagonjwa, kisha wenye mimba, kisha mtu yeyote mwenye kikombe. Mgeni rasmi naye akapanga foleni! Bati zikapatikana, na misumari juu. Sasa hivi ninavyoandika, chuo kina paa, nendeni mkaone.

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Furaha yangu ilifika kesho yake asubuhi, ikaishia hapo.

Mize aliweka ile video kwenye status. Lakini kaikata. Inaanzia mie nimeshika kisu mbele ya maandishi, inaendelea na sauti ya Shaame, "kayaandika kwa akili yake", inaishia hapo. Kombe halimo. Bi Time hamo. Na juu kaandika: Tazameni maneno ya Mungu yanavyofanyiwa mchezo.

Jioni yake ikafika Wete. Siku ya pili nimepigiwa na mtu wa Makoongwe, kisiwani kwao, ananiuliza, "Raya, umesilimu tena au bado?" Alifanya mzaha, lakini ulinikata.

Harusi mbili zikaniambia wamepata fundi mwengine. Akika moja hawakuniambia kitu, nilisikia tu vigelegele kwa mbali. Na juzi jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kafanya shughuli. Niliwasikia wanakuna nazi. Sikuitwa.

Nikaenda kwa Shaame. Nikamkuta barazani anakunywa kahawa. Nikamwambia kwa adabu, maana alikuwa na wageni:

"Katibu, waambie watu ukweli. Neno moja tu, kwenye group la shehia. Sema ni oda yako."

Akasema, "Bi Raya, yameshapita. Bati si zimepatikana? Mshukuru Mungu, usiamshe fitina."

"Fitina nimeiamsha mie?"

"Huna ushahidi, dada yangu. Tusivunjiane heshima."

Nikatoa simu nimwekee sauti yake mwenyewe mbele ya wageni wake. Nikafungua. Mahala pale pameandikwa: Ujumbe huu umefutwa.

Kaufuta! Wa kwangu na wa kwake! Nikamtazama, akatazama kahawa.

Baadaye niliambiwa na watu wanaojua mambo haya, ujumbe ukikaa siku nyingi kufutika hivyo ni vigumu. Nikakumbuka. Alinitumia Alhamisi alfajiri, mahafali yalikuwa Jumamosi. Mie sikuufungua tena tangu asubuhi ile ya mahafali. Maana yake kaufuta siku ile ile. Pengine mie nikiwa bado nabandua herufi. Alishajua atanikana, akawa anafagia nyuma yake.

Bi Time kashaeleza darasani kwake na kwa wazee, Mungu amlipe. Lakini Bi Time hana WhatsApp. Video ina miguu kuliko yeye.

Nilichojifunza, wakuu. Aya usiiandike kwenye kitu cha kukatwa, hata aliyekuagiza awe nani. Andika jina la mtoto, chora ua, chora karafuu. Oda ichukue mbele ya mtu wa tatu. Sauti ikija isikilizeni kisha muitume kwengine kabla mwenyewe hajabadilika. Na moyo ukikwambia "kisu je", usikubali kuchekewa.

Kosa langu nimelitubia, na kwa Mola wangu sina wasiwasi, maana Yeye hahitaji status.

Mwenye uzoefu, wapambaji wenzangu hasa, semeni. Mngefanya nini pale na kisu mkononi? Mwenye video kamili ya siku ile, kuna simu nyingi zilikuwa juu, tafadhali niletee. Matusi sitayajibu. Wanaotaka hiliki kiasi gani kwenye kilo ya unga nitawajibu.

Mize, wewe ulikuwepo mpaka mwisho. Ulikunywa kombe, nilikuona, ulirudia kikombe. Weka kipande ulichokikata.

Na wewe Shaame, najua umo humu, jina unalotumia nalijua ila sitalitaja. Sitaki uniombe radhi, radhi kaa nayo. Nataka ujibu swali moja, na ujibu hapa au Ijumaa msikitini mbele ya wale wale waliokusikia, uchague.

Uliniagiza, au hukuniagiza?